Kwa Nini Tuliosha Vyombo Bafuni kwa Miezi Mitano

Ndugu zangu watazamaji, salamu nyingi kutoka Ujerumani. Tangu nilipoweka ile video ya watoto wakila chakula cha jioni, swali limekuwa ni lilelile: baba ana kazi, mbona mama watoto anaosha vyombo kwenye beseni la kuogea? Wapo waliouliza kwa upole, na wapo waliokwisha kuamua kwamba tunajinyima ili tujenge nyumbani kimyakimya. Leo nitajibu kwa kirefu, na ninaomba nisieleweke kuwa ninaringia Ulaya, wala kuwa ninailalamikia nchi iliyonipa kazi.

Nyumba nyingi za kupanga huku hukabidhiwa bila jiko. Simaanishi jiko la kupikia peke yake. Hakuna sinki, hakuna kabati, na kwetu tulikuta ncha mbili za mabomba zilizozibwa ukutani pamoja na nyaya za taa zinazoning'inia darini bila balbu. Mpangaji anayehama hung'oa vyake au humuuzia anayeingia. Aliyetutangulia alitaka Yuro 1,500, nasi hatukuwa nazo, kwa sababu wiki hiyohiyo tulikuwa tumelipa dhamana ya nyumba. Kisheria dhamana haizidi pango la miezi mitatu, lile pango tupu lisilohesabu maji wala gharama ya kupasha nyumba joto, na kwetu ilifika Yuro 1,800. Sheria hiyohiyo inampa mpangaji haki ya kuilipa kwa mafungu matatu, mwezi kwa mwezi, lakini hakuna aliyetuambia, na sisi hatukujua kwamba jambo kama hilo linaulizwa. Tungalijua, sinki lingalinunuliwa mwezi wa kwanza.

Kuhusu makaratasi, wengi mnafahamu kwamba ukihamia unatakiwa kujisajili makazi yako ndani ya wiki mbili, kwa hiyo sitarudia. Ambacho sikukifahamu ni kisanduku cha barua. Namba ya mlipakodi hutumwa kwa posta, na posta hapa huangalia jina lililo kwenye kisanduku. Jina letu halikuwepo, barua ikarudi ilikotoka, na kwa kukosa namba hiyo mshahara wangu ukakatwa kodi kwa daraja la 6, ambalo makato yake ni makubwa kuliko yote. Fedha hiyo hurudishwa baadaye, ila njaa ya watoto haingojei baadaye. Jioni hiyo mke wangu alikata kipande cha plasta ya jeraha, akaandika jina letu kwa kalamu ya wino mzito, akakibandika. Kipo mpaka leo.

Lililoniuma zaidi ni posho ya watoto, ile fedha ambayo serikali huwalipa wazazi. Mwaka 2025 ilikuwa Yuro 255 kwa mwezi kwa kila mtoto, na kwa wageni haki hiyo hutegemea aina ya kibali cha ukaazi. Vibali vyetu vilitoka Januari, lakini mimi nilikaa nikingoja vyeti vya kuzaliwa vya watoto vitafsiriwe na mfasiri aliyeapishwa, nikiamini kwamba maombi hayapokelewi mpaka kila karatasi iwe tayari. Nilipoyawasilisha Septemba niliambiwa kwamba malipo ya nyuma hayavuki miezi sita, na kwamba ningeweza kuomba mapema na kuleta vyeti baadaye. Januari na Februari zikapotea, yaani Yuro 1,020 kwa watoto wawili. Usiku huo sikulala.

Msisahau kwamba fedha ya joto mnayolipa kila mwezi ni ya kutanguliza tu. Hesabu kamili hufanywa mwaka ukiisha, na mwenye nyumba ana miezi 12 ya kuileta. Yetu ilikuja na deni la Yuro 214. Ada ya redio na televisheni nayo, Yuro 18.36 kwa kila kaya kwa mwezi, hudaiwa hata kwetu tusio na televisheni.

Ninalazimika kusema na hili. Kuna ndugu yetu wa damu aliyechukua picha ya mke wangu akiwa amepiga magoti bafuni, akaituma kwenye kundi la familia na kuandika kwamba tunaficha hela. Mke wangu aliisoma akiwa kazini. Kaka, kama ungenipigia simu, ningekusomea mapato na matumizi yetu mstari kwa mstari, kama ninavyofanya sasa mbele ya watu wasionijua.

Haya yote ni ya kwetu. Wapo waliopata nyumba yenye jiko siku ya kwanza, na wapo ambao mwajiri aliwashughulikia kila fomu, kwa hiyo usiahirishe safari yako kwa sababu yangu, wala usifunge mizigo kwa sababu yangu. Uliza masharti ya kibali chako na ya mkataba wako wewe.

Sinki tulilipata mwezi wa tano, la mtumba, na fundi alilifunga Jumamosi. Mke wangu alimpigia mama kwa video, akafungua bomba, akaisogeza simu karibu ili mama asikie maji. Mama alipiga vigelegele, kisha akauliza kama mwezi huu tutaweza kumtumia chochote. Nilimwambia asubiri mpaka tarehe 15.