Tuanze na Upepo: Kujenga Jiko la Mhunzi kwa Vyuma Chakavu

Wazee wangu, shikamooni. Wanangu, habari za asubuhi.

Nimeitwa niwaeleze jinsi ya kujenga jiko la kufulia chuma kwa vyuma chakavu, na jiko lenyewe hili hapa mbele yenu. Vijana wanaokuja kwangu huanza na swali hilo hilo: mkaa niuweke kwenye chombo gani? Chombo si tabu. Hata shimo la ardhini linafaa. Ulizeni upepo utatoka wapi, na mtaupunguza vipi ukizidi.

Mkaa ukiachwa uwake wenyewe unaivisha maharage. Mkaa huo huo ukipulizwa kutoka chini unaifanya nondo ing'ae njano. Wahaya wa Kagera walilijua hilo kiasi cha miaka 2,000 iliyopita. Walivukuta mivukuto, upepo ukapita kwenye kewa, yaani bomba la udongo, na kewa zao waliziingiza ndani ya tanuri lenyewe. Miaka ya 1970 wazee waliokuwa bado wanaikumbuka kazi hiyo walijenga tanuri upya mbele ya watafiti, na chuma kikapatikana. Natamani kila fundi kijana alijue jambo hili. Kazi hii ina kwao, na kwao ni hapa.

Kewa yetu ni bomba la chuma la inchi 2. Chagueni bomba jeusi. Lile la maji linalong'aa limepakwa zinki, na zinki huchemka kwenye nyuzi 907, joto ambalo jiko hili linalipita bila shida. Jiko langu la kwanza nililifungia bomba hilo. Usiku nilitetemeka kama mgonjwa wa malaria, kifua kimebana, mdomoni ladha ya chuma. Msirudie kosa langu.

Bakuli ni dramu ya breki ya lori: nene, na tayari ina tundu katikati. Juu ya tundu wekeni bamba lenye matundu madogo. Chini fungeni tii, yaani kiungo cha bomba chenye umbo la herufi T: mkono mmoja unaingiza upepo, mwingine unateremka wima ukiwa na kifuniko cha kumwagia majivu. Ndani pakeni udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga. Uacheni ukauke siku kadhaa, kisha muuwashie moto mdogo. Ukipata moto mkali ungali mbichi, maji yaliyomo yanageuka mvuke na udongo unaruka vipande.

Sasa feni. Umeme ukikatika kazi isisimame, ndiyo maana nimetumia rimu ya baiskeli. Mfereji wa rimu hii una kipenyo cha inchi 22 hivi. Mkanda nimeukata kwenye tyubu, nao unazungusha puli ya inchi 1. Mkono ukizunguka mara moja, feni inazunguka kama mara 22. Kati ya feni na jiko kuna kibati kinachoteleza. Hicho ndicho usukani wa jiko zima. Upepo ukizidi, oksijeni inafika kwenye chuma kabla mkaa haujaila, na chuma kinaota magamba. Kikianza kurusha cheche kama fataki, kinaungua, na kilichoungua hakirudi. Kwa hiyo lundikeni mkaa, chuma kikae katikati ya lundo, mbali na tundu la upepo.

Fuawe, yaani chuma cha kufulia juu yake? Ekseli ya lori iliyokatwa na kusimamishwa wima kwenye ndoo ya mchanga inatosha kabisa. Vipande vya reli ni vizuri, lakini msinunue kwa mtu asiyeweza kueleza amevipata wapi. Watu wanapita juu ya reli zile.

Patasi na visu fueni kwa springi za gari. Shokapu msiiweke motoni kamwe: imefungwa, ina mafuta na pengine gesi, itapasuka. Na jiko likae nje, kwa sababu hewa ya sumu ya mkaa haina harufu.

Chuma cha springi kikifika wekundu ambao sumaku haikishiki tena, kiko karibu kuwa tayari kuzamishwa ili kiwe kigumu, na kizamisheni kwenye mafuta. Maji hukipasua. Sumaku hii niliitoa kwenye spika mbovu.

Haya, sogeeni upande usio na moshi. Binti uliyekaa mbele, shika mpini wa rimu uzungushe polepole. Kibati bado nimekifunga. Nitakifungua kidogo kidogo, nanyi angalieni rangi ya mkaa.