Fulano, hasta na bilinganya: mhadhara juu ya vijiji vya milimani vya Málaga

Bi Mwenyekiti, wazee wangu, ndugu zangu, asalaam aleikum na habari za jioni.

Nimeombwa nizungumze juu ya likizo. Mke wangu aliposikia alicheka sana, maana anajua kwamba watu wanaokwenda likizo na mimi hurudi wamechoka kuliko walivyoondoka. Wenzangu mnaoishi huku Ulaya mkienda Mediterania mnakwenda kulala mchangani. Mimi nimezaliwa Unguja, mchanga nimeushiba tangu utotoni. Nikifika pwani ya watu natazama mlima.

Basi leo nawapeleka kusini mwa Hispania, mkoa wa Málaga, sehemu inayoandikwa Axarquía. Lisomeni polepole: a-shar-ki-a. Kuna aliyesikia kitu? (Sauti kutoka ukumbini: "Mashariki!") Naam, mama, mashariki. Waislamu walioitawala nchi ile kuanzia mwaka 711 waliyaita maeneo yale ash-Sharqiyya, upande wa mashariki wa mji wa Málaga. Mji wenyewe uliangukia mikononi mwa wafalme Wakatoliki mwaka 1487. Jina halikuanguka.

Nami sikulijua hilo kitabuni. Nililijulia garini. Tulikodi gari, dereva mimi, na ramani ya simu ikaniambia kata kulia. Nikakata kulia. Kumbe si barabara, ni kichochoro kama vya Mji Mkongwe, ila hiki kinapanda. Kioo cha upande mmoja kikagusa ukuta, cha upande wa pili kikagusa chungu cha maua, na huko nyuma mke wangu ameshaanza Ayatul Kursi. (Kicheko.) Palikuwa na wazee watatu wameketi kwenye viti mlangoni. Mmoja akainuka bila haraka, akasimama nyuma ya gari, akaanza kunivuta kwa mkono kinyumenyume: "Hasta aquí! Hasta aquí!" Kihispania changu mimi ni cha kuombea maji ya kunywa. Lakini mguu ulikanyaga breki pale pale alipotaka, kwa sababu nilisikia hata. Si hata hii ya siku hizi ya "hata mimi". Hata ya wazee wetu: tangu asubuhi hata jioni, toka Lamu hata Kilwa. Hata hapa! Wote wawili, sisi na wao, tumelitoa kwenye hattā ya Kiarabu.

Wakati huo yule mzee wa pili anawasimulia majirani waliotoka kutazama. Yaelekea tulikuwa si wa kwanza kukwama pale, kwani alikuwa akitaja kisa cha mtu mwingine, na kila mara anasema fulano, fulano. Nikamgeukia mke wangu: umesikia? Fulani!

Kuanzia hapo likizo yangu ikaharibika, nikawa nawinda maneno. Zeituni kwao ni aceituna, zafarani ni azafrán, sukari ni azúcar. Bei iliyopangwa huitwa tarifa, nasi tuna taarifa, mzizi ule ule wa kujulisha. Meya wa kijiji ni alcalde, naye si mwingine ila kadhi, al-qadi, aliyebadilishiwa kazi. Na mtaa ni barrio. Hilo lilinilaza macho usiku. Limetoka kwenye barr, nje ya mji, na sisi kutoka hiyo hiyo barr tumepata bara. Kwa hiyo mtu wa Andalusia anayesema "mtaa wangu" na mtu wa Unguja anayesema "huyu katoka bara" wameshika ncha mbili za kamba moja.

Sasa turudi kwenye jambo nililoitiwa. Mkifungua matangazo ya safari za vijiji hivi, neno halikosi: tulivu. Kijiji kitulivu, cheupe, juu ya kilima, bahari kwa mbali. Ni kweli. Frigiliana iko takriban mita 300 juu ya bahari, kilomita 6 tu kutoka mji wa Nerja wenye fukwe na makelele yake. Ukipanda saa mbili asubuhi utasikia mfagio na ndege, basi. Nyumba zimepakwa chokaa, koti juu ya koti, miaka nenda miaka rudi, hata pembe za kuta zimekuwa mviringo kama maandazi. Chini, vijiwe vyeusi na vyeupe vimepangwa kwa nakshi kwenye ngazi. Pazuri mno. Lakini mwalimu wa historia akiambiwa mahali pametulia, anauliza: waliokuwa wakipiga kelele wamekwenda wapi?

Jibu limebandikwa ukutani. Ukiingia mtaa wa kale wa Frigiliana utakuta vigae vya kauri vimepangwa kwenye kuta, kimoja hapa, kingine kona ya pili, vikisimulia hadithi kwa vipande. Watalii wengi huvipita wakitafuta mahali pa kupiga picha. Nawaombeni msivipite.

Baada ya Granada, dola ya mwisho ya Kiislamu Hispania, kuanguka mwaka 1492, Waislamu waliobaki walibatizwa, wengi wao kwa lazima, wakaitwa Moriscos. Mwaka 1567 Mfalme Felipe II akatoa amri: wapewe miaka mitatu wajifunze Kikastilia, yaani Kihispania, kisha Kiarabu kisisemwe wala kisiandikwe, nyumbani wala sokoni. Nguo zao marufuku, majina yao marufuku, hamamu zao marufuku. Fikirini, ndugu zangu: mtu anaamriwa aache hata kuoga kama baba yake alivyooga. Desemba 1568 milima ikawaka moto wa uasi. Watu wa vijiji vya Axarquía walikimbilia jabali lililo juu ya Frigiliana, na Juni 1569 jeshi la mfalme likawapandia huko. Husimuliwa kwamba wako wanawake waliojirusha kutoka juu kuliko kukamatwa. Waliosalia walitawanywa, nyumba wakapewa walowezi Wakristo kutoka kwingine. Kati ya 1609 na 1614 Hispania ikawafukuza Wamoriski waliobaki, watu wapatao laki tatu, wengi wakavuka bahari kwenda Moroko, Algeria na Tunisia.

Na lugha iliyopigwa marufuku? Yule mzee aliyeniokoa kwenye kichochoro aliisema mdomoni mwake bila kujua. Mfalme alipiga marufuku Kiarabu kwa maneno ambayo baadhi yake ni Kiarabu.

(Hapa kulikuwa na swali kutoka kwa kijana mmoja: je, watu wa huko wanaona haya kuzungumzia habari hiyo?) Sikuona haya, mwanangu. Mwishoni mwa Agosti Frigiliana hufanya tamasha la tamaduni tatu, ya Waislamu, ya Wayahudi na ya Wakristo. Ngoma, vyakula, umati. Ni biashara, ndiyo, nami sina ugomvi na biashara. Ila kama unatafuta utulivu, wiki hiyo usiende.

Comares nitaipitia haraka. Iko juu zaidi, zaidi ya mita 700, kijiji kimekaa kichwani mwa mwamba kama kofia. Panafaa kwa asiyeogopa kona za barabara. Nenda ukaone jinsi watu wa ngome walivyoishi kwa maji ya mvua, wakiyakinga kwenye matangi ya chini ya ardhi, yale ambayo sisi tungeyaita jabia. Njiani mtaona miteremko iliyoanikwa zabibu juani katika msimu wake, mwisho wa kiangazi. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua mwaka 2017 ufundi huo wa zabibu kavu wa Axarquía kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Huchumwa kwa mkono, kwa sababu kilima kimesimama wima na hakuna mashine inayopanda pale.

Kijiji kilichonishika zaidi ni kidogo kuliko vyote. El Acebuchal, nyuma ya Frigiliana, ndani ya milima ya Almijara. Mwishoni mwa miaka ya 1940, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, wapiganaji waliompinga Franco, dikteta wa Hispania, walikuwa wamejificha milimani. Wanakijiji wakabanwa katikati: usiku wanagongewa na wapiganaji wakitaka chakula, mchana wanagongewa na askari wakiuliza nani alikula. Mwisho wakaamriwa kuhama wote. Mapaa yakaporomoka, kikawa kijiji cha mizimu kwa karibu miaka 50, mpaka familia moja yenye asili ya pale iliporudi ikaanza kujenga upya nyumba moja baada ya nyingine. Leo unaweza kula pale na kulala. Tulikaa nje, hakuna sauti isipokuwa kengele za mbuzi ng'ambo ya bonde. Binti yangu akasema, "Baba, huku kimya kama msikitini." Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu mara ngapi watu wameondolewa katika milima ile.

Mambo ya safari. Nendeni majira ya kuchipua au vuli, Julai jua lao halina huruma. Vaeni viatu vya kushika, vile vijiwe vyenye nakshi vikilowa ni utelezi mtupu. Kati ya saa nane mchana na saa kumi na moja maduka mengi yamefungwa na watu wamelala, msigonge milango. Gari liacheni chini ya kijiji, nadhani kwa nini nimeshaeleza. Na zaidi ya yote, laleni huko huko angalau usiku mmoja. Mabasi ya watalii huondoka jioni, na hapo ndipo wenyeji hutoa viti vyao nje.

Usiku wetu wa mwisho Frigiliana tuliletewa sahani ya berenjena, vipande vyembamba vilivyokaangwa vikakauka, juu yake wamemwagia asali ya miwa, nyeusi, nzito, karibu na ladha ya sukari guru. Asali hiyo bado hupikwa hapo hapo kijijini, kwenye jumba lililojengwa karne ya 16. Muwa ulipandwa pwani ile na Waarabu. Tunda lenyewe Waarabu waliliita badhinjan, nao jina hilo walilipata kwa Waajemi. Nikamwita mhudumu, kijana wa miaka ishirini hivi, nikamwonyesha sahani: kwetu hii ni bilinganya. Akainamisha kichwa. "Bi-lin-ga-nya." Akalirudia mara mbili, kisha akaacha meza zake akaenda jikoni, na kupitia dirishani tukamsikia akimwambia mpishi.

Ahsanteni.