Fungua Mlango, Mwaga Maji

Shikamooni wakubwa, wadogo, marahaba. Nimepewa dakika ishirini na mwenye ratiba ananikazia macho, kwa hiyo salamu zimeishia hapo.

Mlionisikia Chang'ombe na Vingunguti mnajua ninapoanzia. Naanza tena hapohapo, maana majuzi nimeingia ghala moja, silitaji, magunia ya mbolea ya nitrati ya amonia yamepangwa hadi darini. Nikamuuliza msimamizi, moto ukiwaka hapa? Akanijibu kwa fahari: "Tunafunga milango, mzee. Tunaunyima hewa."

Jamani! Nitrati imebeba oksijeni yake yenyewe tumboni. Ni abiria aliyepanda basi na chungu chake cha chakula. Kumnyima hoteli njiani si adhabu. Ukifunga mlango, joto na gesi vinakosa pa kutokea. Umefunika sufuria, ukapalia makaa juu. Hata mtungi wa unga wa kuzimia moto hapo ni pambo, kwa sababu unga haupozi joto.

Tarehe 16 Aprili 1947, bandari ya Texas City, Marekani. Meli ya Grandcamp imepakia zaidi ya tani 2,000 za nitrati hii, kwenye mifuko ya karatasi. Asubuhi moshi unaonekana. Nahodha anafanya nini? Anakataza maji, shehena isiharibike! Anaamuru vifuniko vifungwe, mvuke uingizwe ndani kuuzima moto. Mvuke! Kitu kinaungua, wewe unakiongezea joto. Watu wakajaa gatini kushangaa rangi ya moshi, mnajua watu na moshi. Saa tatu na dakika kumi na mbili meli ikalipuka. Walikufa zaidi ya 500, na karibu kikosi chote cha zimamoto cha mji kikaisha siku ile. Yote hayo kwa kuogopa kulowesha mbolea.

Najua kuna mtu anasema moyoni, "Mzee, sisi tunauza CAN, siyo hiyo." Vizuri. CAN ni nitrati hii iliyochanganywa na chokaa, hatari yake ni ndogo, sikatai. Na mbolea ya urea ni mtu mwingine kabisa. Lakini je, kuli wako wa zamu ya usiku anazitofautisha? Gunia jeupe, maandishi yamefutika. Mwingine atasema, "Mlipuko wa Beirut, Lebanoni, mwaka 2020 ulikuwa uzembe wa serikali." Sawa, tani 2,750 za nitrati hii zilikaa miaka karibu saba bandarini. Wewe mzigo wako wa msimu wa juzi uko wapi?

Kwa hiyo moto ukianza pembeni, kwenye paleti au waya, haujaigusa mbolea: fungua milango, maji mengi, piga 114, zimamoto. Ukishaifikia mbolea, au moshi umegeuka rangi ya kahawia au chungwa, acha kila kitu, toa watu, toa na majirani. Hakuna kurudi kuchukua daftari la mauzo. Ulishasikia daftari limezikwa kwa heshima?

Mengine nayapitia mbio, naonyeshwa saa. Foklifti inayovuja dizeli isiingie. Nitrati na mafuta havilali chumba kimoja. Iliyomwagika msiifagie kwa maranda. Masika ya Dar hugandisha magunia yakawa mawe: msiyagonge kwa nyundo ya chuma. Wajerumani wa kiwanda cha Oppau walipasua mbolea iliyoganda kwa baruti, walikuwa wamezoea. Mwaka 1921 ikalipuka, mji ukafagiliwa. Glavu, miwani, barakoa, mnazijua, hamvai. Na viroba vitupu msivipeleke nyumbani kuwekea unga, nawaomba sana. Sheria ya mwaka 2003 ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi nilitaka kuisoma vifungu, basi.

Haya, mwenye ratiba kasimama. La mwisho ni la hapahapa: asubuhi nilifungua bomba la zimamoto lililoko uani kwenu. Limekohoa, likatoa kutu kidogo, likanyamaza. Funguo ya tangi anayo nani?