Ukiulizwa "hujambo" na kampuni ya bima

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tunazungumzia dai la fidia ya majeraha, yaani unaliandaaje mpaka kampuni ya bima ilichukulie kwa uzito. Baraka, anza na ile simu.

BARAKA: Dada Zuhura, hiyo simu sitaisahau! Siku ya tatu baada ya ajali, mkono nimeuning'iniza shingoni kwa kitambaa, simu inalia. Sauti ya upole kabisa: "Hujambo, ndugu yangu?" Nami kwa mazoea: "Sijambo, salama kabisa."

ZUHURA: Sisi hata nyumba ikiungua ni salama.

BARAKA: "Salama, ila nyumba imeungua." Sasa mimi hiyo "ila" sikuifikia. Na simu ilikuwa inarekodiwa. Miezi mitano baadaye naletewa barua: mdai mwenyewe alieleza siku ya tatu kwamba yu salama kabisa.

ZUHURA: Na aliyepiga alikuwa wa bima ya nani, yako au ya aliyekugonga?

BARAKA: Ya aliyenigonga.

ZUHURA: Basi hapo ndipo watu wengi wanapoteleza. Bima yako mwenyewe una mkataba nayo, na mkataba kwa kawaida unakutaka utoe taarifa mapema na ushirikiane. Bima ya upande wa pili huna mkataba nayo. Mara nyingi hulazimiki kuwapa maelezo ya kurekodiwa. Unawapa jina, tarehe ya ajali na mahali ilipotokea, halafu unawaambia mengine yatakuja kwa maandishi.

BARAKA: Bila kugombana nao.

ZUHURA: Bila kugombana. Yule ofisa yuko kazini.

BARAKA: Lakini dada, iliyoniumiza zaidi haikuwa simu. Ilikuwa faili la hospitali. Nilidhani faili ni shahidi wangu. Kulifungua: "Mgonjwa anaendelea vizuri." Ziara ya pili: "Anaendelea vizuri." Ya tatu vilevile!

ZUHURA: Kwa sababu daktari alikuuliza unaendeleaje...

BARAKA: Nikamjibu vizuri, namshukuru Mungu. Naye kaandika nilichosema. Usiku silali kwa bega, mchana faili linasema niko vizuri.

ZUHURA: Ofisa wa madai hajawahi kuliona bega lako. Anachokiona ni karatasi. Kwa hiyo kwa daktari unaeleza ukweli wote, bila kuupunguza wala kuutia chumvi: panauma wapi, unaposhindwa kuinua mkono unashindwa kufika wapi, unaamka mara ngapi. Na kama bega hilo liliwahi kuumia zamani, unalisema. Ukilificha wakaliona kwenye rekodi za zamani, hawatakuamini tena hata kwa lililo kweli. Ukilisema mwenyewe, bado unaweza kudai kwa kiasi ambacho ajali imelizidisha.

BARAKA: Halafu kuna wiki sita ambazo sikwenda kliniki. Nilikuwa nimechoka tu kupanga foleni.

ZUHURA: Wao wakasemaje?

BARAKA: Kwamba nilikuwa nimeshapona, na maumivu yaliyorudi yalitokana na jambo jingine.

ZUHURA: Hoja ya kawaida hiyo. Kama kuna sababu ya kukosa, fedha au usafiri, mwambie daktari aiandike. Pengo lenye maelezo lina utetezi. Pengo tupu watalijaza wao.

BARAKA: Kilichoniokoa kidogo ni daftari. Mwanzoni niliandika ujinga: "Leo iliuma sana." "Leo pia iliuma." Kisha rafiki akaniambia, andika ulichoshindwa. Nikaanza: "Sikuweza kufunga vifungo vya shati. Nimeshindwa kumbeba mtoto. Nimelala kwenye kiti."

ZUHURA: Shati na tarehe, basi. "Iliuma sana" kila mdai anayo.

BARAKA: Tuje kwenye hesabu.

ZUHURA: Kuna mafungu mawili. Fidia maalumu ni ile yenye risiti: matibabu, dawa, nauli za kwenda kliniki, mshahara uliopotea. Fidia ya jumla ni ya maumivu na maisha yaliyovurugika. Mshahara watu wanaukosea sana. Tuseme ulikaa nyumbani siku 15 za kazi, kisha ukafanya nusu siku kwa siku 20. Umepoteza siku ngapi?

BARAKA: Kumi na tano... na kumi. Ishirini na tano.

ZUHURA: Wengi wanaandika 15, zile nusu siku wanazisahau. Mwajiri akupe barua yenye siku hizo na kiwango cha mshahara wako. Uliyejiajiri, leta taarifa za benki na hesabu za kodi za kabla na baada ya ajali, ili kushuka kwa kipato kuonekane.

BARAKA: Na fidia ya maumivu? Nilisikia unazidisha gharama za matibabu mara tatu, basi.

ZUHURA: Marekani ndiko wanakopenda kuzungumza hivyo, mara 1.5 hadi 5. Ni kianzio cha mazungumzo, si sheria, na kampuni hailazimiki kukifuata. Mimi naona ni afadhali utafute hukumu za mahakama zako kwa jeraha linalofanana. Pia kuna kikomo cha fidia kwenye hati ya bima. Jeraha liwe kubwa kiasi gani, kampuni kwa kawaida hailipi zaidi ya hapo.

BARAKA: Barua yangu ya madai ilikuwa na kurasa 11. Kurasa nne nilikuwa namlaani dereva.

ZUHURA: Kaka, wewe! Eleza kilichotokea, kwa nini kosa ni la mtu wao, jeraha, matibabu, hasara, kiasi unachodai, na siku unayotaka jibu. Kila tarakimu ionyeshe kiambatisho chake. Tuma nakala, halisi zibaki kwako. Na kama nawe ulichangia kosa, jiandae. Sehemu nyingi fidia hupunguzwa kulingana na mchango wako.

BARAKA: Waliponijibu, walitaja kiasi kidogo mpaka nikacheka.

ZUHURA: Ukishacheka, omba sababu kwa maandishi, uzijibu moja moja. Huku unaangalia kalenda, maana kujibizana na bima kwa kawaida hakusimamishi muda wa kwenda mahakamani. Uingereza kwa kawaida ni miaka 3; Marekani hutegemea jimbo: California 2, Tennessee mwaka 1 tu. Ulizia wa kwako mapema. Na pale jeraha ni la kudumu, au aliyeumia ni mtoto, au wanakataa kosa kabisa, hapo mwone wakili kabla hujaandika chochote.

BARAKA: Walituma na hati ya kusaini. Mstari mmoja ulisema naachilia madai yote, "yanayojulikana na yasiyojulikana".

ZUHURA: Yasiyojulikana! Ukisaini hapo, hata bega likigundulika vibaya kesho, kwa kawaida umeshamaliza. Ndiyo maana tunasubiri mpaka daktari aseme hali imetulia, kama muda wa sheria unaruhusu. Uliza pia kama bima ya afya iliyolipa matibabu itadai irudishiwe chake kutoka kwenye fidia hiyo. Ulisaini?

BARAKA: Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Kilichonizuia ni kwamba ulikuwa mkono wa kulia, na siku hiyo haukuweza kuandika. Wiki mbili baadaye kipimo cha MRI kikaonyesha kano ya bega imechanika.

ZUHURA: Na yule ofisa alipopiga tena akakuuliza hujambo?

BARAKA: Nikamwambia, "Sijambo, ila nakutumia majibu ya kipimo."