Skolashipu za digrii ya kwanza: anzeni kabla ya matokeo

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote huko nyumbani, kuanzia Likoni mpaka Mtwapa. Leo siwatembezi mjini. Leo ni habari ya karo.

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yakitoka, simu yangu hapa Toronto hujaa ujumbe wa sauti wa kina mama: "Mwanangu, kijana amepata B+, hebu mtafutie skolashipu huko." Nawasikia, mama zangu, na jibu langu ni lile lile. Nyingi ya zile nzuri hasa, matokeo yakitoka Januari, mlango ushafungwa. Kazi hii huanza mtoto akiwa bado amevaa yunifomu.

Na tuondoe kwanza jambo moja njiani. Watu wakisikia skolashipu hufikiria ubalozi. Chevening ya Uingereza kila mtu anaitaja, lakini hiyo ni ya masters, na wanataka uwe na miaka miwili ya kazi. DAAD ya Wajerumani nayo, kwa sehemu kubwa, ni ya waliokwisha kumaliza digrii. Kwa mtoto anayetoka fomu foo, pesa kubwa zimekaa ndani ya vyuo vyenyewe. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst kule Marekani hawaangalii mfuko wa mzazi wanapochagua wanafunzi, hata wale wa kigeni, na wakishakuchagua wanajazia chote ambacho familia imeshindwa. Hapa nilipo, Chuo Kikuu cha Toronto kina ufadhili wa Lester B. Pearson: karo, vitabu na malazi kwa miaka minne. Lakini huu huombi kivyako. Lazima skuli yako ikuteue kwanza, na uteuzi huangukia miezi ile ile ambayo mtoto yumo kwenye KCSE. Sasa mwalimu mkuu wa skuli ya kutwa kule Kisauni, nani amemwambia habari hiyo? Ndiyo maana natengeneza video hii. Si akili inayokosekana Mombasa. Ni habari zinazochelewa.

Nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, barua ya mwalimu.

Barua ninazoonyeshwa karibu zote ni moja. Karatasi yenye nembo ya skuli, muhuri wa buluu chini, na mistari mitatu katikati: huyu ni mwanafunzi mtiifu, mwenye bidii na nidhamu, msaada wowote atakaopewa utathaminiwa. Maneno ya kheri, na mwalimu kayaandika kwa moyo safi. Lakini anayeyasoma huku ana rundo la mafaili mezani, na katika kila faili mtoto ni mtiifu na ana bidii. Wa kwako atamjuaje?

Nilikaa na binti mmoja wa Changamwe kwa video tukipitia barua yake. Nikamuuliza, skuli ulikuwa ukifanya nini zaidi ya masomo? Akasema hakuna. Tukaongea, tukaongea, ikatoka kwamba skuli nzima ilikuwa na mwalimu mmoja wa kemia, na jioni yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wa kidato cha pili, chaki mkononi, mpaka adhana ya magharibi iwatoe darasani. Mwalimu wa kemia alijua yote hayo. Tena ndiye aliyemkabidhi ufunguo wa darasa! Hakuandika kwa kuwa hakujua kama yanatakiwa. Alipoambiwa, akaandika ukurasa mzima: muhula aliompa ufunguo, watoto walianza wangapi na wakawa wangapi, na nani aliyekuwa akipata D akapanda. Barua hiyo ukiisoma, unamwona mtu.

Kwa hivyo vijana, msimpelekee mwalimu karatasi tupu dakika ya mwisho. Mpe mwezi mzima. Mwandikie kando mambo matatu manne uliyofanya ambayo yeye mwenyewe aliyaona kwa macho yake, kwa heshima, umwambie, "Mwalimu, haya yatakusaidia kukumbuka." Hakuna mwalimu wa kweli atakayechukia.

La pili ni kipato cha nyumbani. Hapa nataka wazazi msogee karibu na simu.

Fomu za misaada, kama ile ya CSS Profile inayotumiwa na vyuo vingi vya Marekani, huuliza familia inapata kiasi gani kwa mwaka. Sasa baba anaendesha tuktuk ya mtu. Jioni anapeleka hesabu kwa mwenyewe, na kinachobaki ndicho chake. Mama anauza mahamri asubuhi na viazi karai jioni. Payslip ya nani? Nimeona familia zikiandika sifuri, na nimeona nyingine, kwa kuona haya, zikiandika pesa ambazo hazijapata kuingia nyumba ile. Zote mbili zinamwangusha mtoto. Sifuri haiaminiki, maana mnakula na mnalipa kodi ya nyumba. Na kile kiasi cha kujipamba kinamwambia msomaji kwamba msaada hamuuhitaji.

Fanyeni hivi. Chukueni daftari la kawaida, mwezi mmoja mzima, kila usiku andikeni kilichoingia na kilichotoka: mafuta ya tuktuk, hesabu, unga, kuni, yote. Mkishapata picha ya mwezi, pigeni hesabu ya mwaka, na msisahau miezi ya mvua na mchana wa Ramadhani ambapo biashara ya chakula hulala. Kisha nendeni kwa wakili mle kiapo cha kipato, mchukue na barua ya chifu. Ile fomu ya CSS Profile inakubali shilingi, hamna haja ya kugeuza dola. Na ikiwa ada ya kuijaza inawashinda, mtoto akiandikie chuo kuomba asamehewe. Ni jambo la kawaida, na vyuo vingi husamehe.

Daftari hilo hilo litawafaa hata mtoto akibaki nyumbani. Mfumo wa kufadhili vyuo vikuu ulioletwa mwaka 2023, ambao umezozaniwa mpaka mahakamani, ulipanga wanafunzi wa vyuo vya umma kwa makundi matano kulingana na hali ya nyumba. Ulivyoanza, kundi la chini kabisa lilipewa ufadhili wa asilimia 70, mkopo 25, na familia ilipe 5. Kundi la juu lilipewa ufadhili 30, mkopo 30, familia ibebe 40. Mmeona tofauti? Anayejaza majibu ovyo pale saiba anaweza kujipandisha kundi asilolimudu. Na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya vyuo, ni deni, lenye riba ya asilimia 4, si skolashipu. Chukueni mkiuhitaji, lakini mjue mnachochukua.

Walioko vyuo vikuu vya TUM na Pwani tayari, msikae mkidhani basari ni za wanaoingia tu. Fomu za basari za CDF, mfuko wa maeneo bunge, zipo kwa Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, na kila mwaka mnaweza kuomba upya. Kuna mfuko wa Rattansi, uliopo tangu 1956, unaosaidia Wakenya walio chuoni ambao karo imewalemea. Na aliye mwaka wa mwisho mwenye alama za juu aangalie Rhodes, ya kwenda kusomea Oxford, maana Kenya ina nafasi zake. Hata huku Canada, vyuo vina tuzo ndogo ndogo za mwaka wa pili na wa tatu: insha bora, huduma kwa jamii, mwanafunzi bora wa idara. Wengi hawaziombi kwa kuona ni kidogo. Mimi nasema omba. Kitabu kimoja cha uhandisi kinameza pesa, na tuzo inabaki kwenye wasifu wako ukitafuta kubwa zaidi.

Nchi nyingine nitazipitia haraka. Uturuki, Türkiye Bursları: maombi hufunguliwa tarehe 10 Januari na kufungwa 20 Februari, bila ada. Uwe chini ya miaka 21, alama asilimia 70, na kwa masomo ya tiba 90. Wanalipa karo, malazi, tikiti, posho, na mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki. Japani, kupitia ubalozi wao Nairobi, ni miaka mitano, mwaka wa kwanza ukiwa wa lugha, na posho ya yen 117,000 kwa mwezi. Mitihani yao ya hesabu na sayansi ni migumu, jitayarisheni. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa 1961, hulipia masomo, malazi na tikiti, na vijana wengi wa pwani wamepitia pale.

Mmesikia nilivyosema bila ada? Yule wakala anayewaambia mtume pesa kwa M-Pesa ili "afungue faili" ya mtoto, mkatieni simu. Ufadhili wa kweli hautaki umlipe mtu wa kati. Nimemsikia mzazi aliyeuza mbuzi wake kwa ajili ya barua ya kughushi, na mpaka leo roho yangu haijatulia juu ya jambo lile.

Basi mwenye mtoto fomu thrii, wiki hii mtoeni cheti cha kuzaliwa muangalie majina. Kama cha kuzaliwa kinasema Mohamed na skuli wameandika Mohammed, rekebisheni sasa, kabla ya usajili wa KCSE, kwa sababu baada ya hapo ni safari ya ofisi hadi ofisi. Na nyinyi walimu wa Mombasa mnaonitazama, niandikieni hapa chini somo mnalofundisha tu. Nitawatumia mfano wa barua ya mapendekezo, ile ya yule mwalimu wa kemia, kwa idhini yake, majina yakiwa yameondolewa.