Kodi Imefutwa, Kosa Halijafutwa: Viwambo vya Sauti vya Kujitengenezea Nchini Marekani

Wazee wetu shikamooni, vijana habari zenu. Nimeombwa nizungumzie viwambo vya sauti, vile vinavyofungwa kwenye mdomo wa mtutu ili kupunguza mshindo wa bunduki, hasa vile ambavyo mtu anajitengenezea nyumbani. Aliyekuja kujifunza namna ya kukichonga amepotea njia, hilo sitaligusa. Mimi nazungumzia karatasi, mahakama na uhamiaji, maana huko ndiko watu wetu wanakoumia.

Tuanze na uvumi. Tangu tarehe 1 Januari 2026 kodi ya dola 200 ya kutengeneza au kuhamisha kiwambo imekuwa sifuri. Kodi hiyo iliwekwa mwaka 1934, ikakaa palepale miaka tisini na ushee bila kupanda wala kushuka, kisha Bunge likaiondoa kwa sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025. Habari ilipofika kwenye magrupu yetu ya WhatsApp ilikuwa imeshakatwa mkia: "Viwambo sasa ruksa!" Ruksa ya nani? Kilichofutwa ni malipo. Maombi yapo, alama za vidole zipo, usajili upo, na kifungo kipo: hadi miaka 10 jela, na faini inayoweza kufika dola 250,000, kwa kiwambo kimoja tu ambacho hakijasajiliwa.

Raia wa kawaida anayetaka kujitengenezea kwa halali anajaza Fomu 1 ya ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha. Anaambatisha picha ya ukubwa wa inchi mbili kwa mbili na kadi mbili za alama za vidole, na nakala ya maombi anaipeleka kwa mkuu wa polisi wa eneo lake. Halafu anasubiri. Neno zito hapo ni kusubiri. Kibali kinatangulia, kazi inafuata. Mtu akianza kazi Jumatatu na kibali kikatoka Jumatano, ameshatenda kosa siku mbili kabla, na kibali hakirudi nyuma kumsafisha. Wapo wanaodhani kwamba ukishatuma maombi unaweza "kuandaa andaa" vitu taratibu. Kuandaa huko ndiko kutengeneza kwenyewe.

Mtaniuliza: vitu gani, wakati bado havijaunganishwa? Sheria ya shirikisho haingoji uunganishe. Inahesabu kuwa kiwambo chombo chochote cha kupunguza mshindo wa silaha ya kubebeka, na pia mkusanyiko wowote wa sehemu zilizobuniwa na kukusudiwa kuunda chombo hicho, na hata sehemu moja pekee ikiwa imekusudiwa kazi hiyo tu. Kwa hiyo kipande kimoja ndani ya droo ni kiwambo kamili machoni pa sheria, na vipande sita vinaweza kuwa makosa sita. Wengi hucheka nikisema hivi. Wakili wa serikali hacheki.

Ndiyo maana navichukia vile vifaa vinavyouzwa mtandaoni kwa jina la vinasa mafuta. Kwenye tangazo ni chombo cha kufunga mbele ya mtutu unaposafisha bunduki, dawa isimwagikie sakafu. Vipo vya kweli vya kazi hiyo. Lakini vingine vinaletwa kutoka ng'ambo kwa bei ya chini, vikiwa na umbo na alama ambazo usafi wa bunduki hauzihitaji hata kidogo, na mnunuzi anajua, muuzaji anajua, na forodha inajua. Kifurushi kinakamatwa bandarini, jina na anwani yako zimo juu yake. Mwanzoni mwa mwaka 2022 ATF ilikataa kwa mkupuo Fomu 1 za watu waliotaka kutumia vifaa vya namna hiyo. Hoja ya idara ilikuwa kwamba kifaa chenyewe kilikuwa tayari kiwambo kabla mwombaji hajakigusa. Hebu lielewe hilo: watu waliokuwa wakifuata utaratibu, wameomba ruhusa kwa majina yao halisi, wakaambiwa kwamba kilichomo kabatini mwao ni kosa tayari. Hapo hujajieleza, umejishtaki.

"Lakini mimi sikujua." Sawa, tuligawe hilo. Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Staples ya mwaka 1994 ilisema serikali lazima ithibitishe kuwa mshtakiwa alijua sifa za kitu alichonacho, zile zinazokifanya kiingie kwenye sheria hii. Hiyo ni kinga. Ila katika kesi ya Freed ya mwaka 1971 mahakama hiyohiyo ilikuwa imeshasema kwamba kutojua kuwa kitu kinapaswa kusajiliwa si utetezi. Maana yake, ukijua kitu kinapunguza mshindo, umekwisha. Na ukishamwandikia rafiki yako meseji yenye kicheko kwamba "hiki ni cha kusafishia bunduki, hahaha", umeiokoa serikali na kazi ya kuthibitisha.

Sasa nifike kwenye jambo langu. Wanaonifahamu wanajua litachukua muda, vumilieni.

Mmarekani mzaliwa akipatikana na kiwambo kisichosajiliwa, pengine hana rekodi yoyote ya nyuma, anaweza kupewa kifungo cha nje na akarudi kazini. Mwenye grin kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, akipewa adhabu ileile na hakimu yuleyule, yake ndiyo kwanza inaanza. Sheria ya uhamiaji ina orodha ya makosa mazito kuliko yote kwa asiye raia, na ndani ya orodha hiyo kimetajwa kwa namba kifungu cha 5861, ambacho ndicho kifungu cha viwambo visivyosajiliwa. Hakikutajwa kwa mafumbo. Kimekaa pamoja na mauaji na ubakaji. Na kwa kifungu hiki orodha haiangalii umefungwa miaka mingapi. Hata kifungo cha nje kinatosha.

Matokeo yake ni haya. Unaweza kuondolewa nchini hata kama umekaa miaka 25, una nyumba na watoto raia. Msamaha ambao jaji wa uhamiaji huwapa wakazi wa muda mrefu unafungwa kwako. Hifadhi ya ukimbizi inafungwa pia. Ndugu zangu mliotoka Kivu kupitia kambi za Nyarugusu au Nakivale mlisikie hili vizuri. Uraia? Aliyetiwa hatiani kwa kosa la orodha hiyo tarehe 29 Novemba 1990 au baadaye hawezi kuthibitisha mwenendo mwema, wala miaka haisafishi. Yote haya kwa bomba lenye urefu wa mkono wa mtoto.

Kuna atakayesema, "Basi nitakiri kosa, niombe adhabu ndogo, yaishe." Hapo ndipo watu wanapojimaliza. Kukiri ni kutiwa hatiani. Kesi ya Padilla ya mwaka 2010 inamlazimu wakili wa jinai akueleze athari za uhamiaji kabla hujakiri. Basi muulize kwa maneno haya: nikikiri kosa hili, nitafukuzwa nchini? Akijibu "usijali", tafuta wa pili anayejua uhamiaji. Usisaini kwa sababu umechoka kukaa mahabusu.

Na walioko hapa kwa viza za muda, wanafunzi na wafanyakazi wa mkataba: nyinyi kwa kawaida hamruhusiwi kumiliki silaha yoyote, labda kwa milango michache kama leseni halali ya uwindaji. Sheria hiyohiyo inakihesabu kiwambo kuwa silaha hata kama bunduki yenyewe hunayo. Usikubali kumtunzia binamu kisanduku chake.

Nasikia mtu wa Texas nyuma pale anaguna. Najua unachotaka kusema: jimbo letu limeruhusu. Kansas nayo iliruhusu. Mwaka 2013 ilipitisha sheria kwamba silaha iliyotengenezwa na kubaki ndani ya Kansas haihusiani na serikali kuu. Shane Cox, mwenye duka mjini Chanute, akatengeneza viwambo akauza, na Jeremy Kettler akanunua, wote wakiiamini sheria ya jimbo lao. Wakashtakiwa na serikali kuu, wakatiwa hatiani. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya kanda yao, iitwayo Mzunguko wa Kumi, ikaziacha hatia hizo zisimame, na Mahakama Kuu ikakataa kuisikiliza rufaa mwaka 2019. Texas ikatunga ya kwake mwaka 2021, na kesi ya kuitetea ikakwama mahakamani kabla ya kufika kwenye kiini. Jimbo haliwezi kukusamehe kosa la shirikisho.

Na wewe mwingine mwenye hoja kwamba sheria ya 1934 ilisimama juu ya kodi, hivyo kodi ikiwa sifuri sheria imebaki bila miguu: hoja ina akili, na kesi zimefunguliwa juu yake. Ziache ziendelee. Wanaoziendesha wana mawakili na hawana kesi ya uhamiaji. Hoja ya katiba nayo ilijaribiwa mwaka 2025, katika kesi ya George Peterson wa Louisiana. Mahakama ya Mzunguko wa Tano ilikubali kwa ajili ya mjadala tu kwamba kiwambo kinaweza kulindwa na Marekebisho ya Pili ya katiba, yale ya haki ya kumiliki silaha, kisha ikasema usajili wenyewe hauvunji katiba, na hatia yake ikabaki.

Muda unanikimbia, haya yanayofuata nayapitisha haraka. Kiwambo halali lazima kichongwe jina la mtengenezaji, mji na jimbo lake, na namba ya pekee, kwa kina kisichopungua inchi 0.003 na herufi za namba zisizo ndogo kuliko sehemu moja ya kumi na sita ya inchi. Kibandiko au wino havikubaliki. Usiweke vipuri: kipande cha akiba ni kiwambo cha pili kisichosajiliwa, na kikiharibika cha ndani huna ruhusa ya kubadilisha tu kama unavyobadilisha pedi za breki.

Mke au mume asiye kwenye usajili asiwe na ufunguo wa sefu wakati wewe haupo, maana huko ni kukabidhi. Wanaotaka kutumia pamoja waandikishe amana ya kisheria, yaani "trust", na kila msimamizi atoe picha na vidole. Kumpa rafiki, hata bure, ni Fomu 4 na kibali kwanza. Kwa mrithi ni Fomu 5, na wafiwa wasikigawe msibani pamoja na nguo.

Safari: majimbo manane hayataki viwambo kwa raia, nayo ni California, New York, New Jersey, Massachusetts, Illinois, Delaware, Hawaii na Rhode Island. Kibali chako cha Ohio hakina maana ukiingia Illinois. Tembea na nakala ya fomu iliyopitishwa. Kuhusu kupeleka nyumbani, hata usifikirie: kutoa nje kunahitaji leseni, na sheria ya silaha ya Kenya, Sura ya 114, inakihesabu kifaa cha kupunguza mshindo kuwa silaha.

Na masikio. Sinema zimewadanganya. Bunduki nyingi hupiga mshindo wa desibeli 150 hadi 170, na kiwambo kizuri hupunguza kama 20 hadi 35. Bado unazunguka karibu na 140, kiwango kinachodhuru masikio papo hapo, na risasi inayokwenda kasi kuliko sauti inapasua hewa yenyewe, kiwambo hakiigusi. Vaa kinga. Cha nyumbani kina hatari yake ya ziada: kikikaa upande hata kidogo, risasi inakigonga kutoka ndani na vipande vinaruka, na hakuna kiwanda cha kukulipa. Viwanja vingi vya shabaha havikipokei kwa sababu hiyo.

Nilitaka kueleza pia mtu afanye nini maofisa wa ATF wanapogonga mlango, lakini naona mwenyekiti ananionyesha saa. Kwa ufupi: waombe hati ya upekuzi, usiwape ruhusa ya kuingia kwa hisani, usiwadanganye maana hilo nalo ni kosa, sema tu kwamba utajibu mbele ya wakili. Usikimbilie kukitupa wala kukivunja, huko ni kuharibu ushahidi. Karibuni maswali, na tafadhali asisimame mtu kuuliza swali linaloanza na "nina rafiki yangu".