Pweza Haoni Rangi Anazovaa

Asanteni kwa kuja na mvua hii, hasa ninyi mliotoka Kadutu kwa miguu.

Ziwa letu hutupatia sambaza, wale samaki wadogo, lakini pweza halina. Yeye na ndugu yake ngisi huishi maji ya chumvi tu, na Kivu ni maji baridi. Kinyonga mnamjua. Basi pweza anamwacha mbali: hugeuka rangi kabla hujapepesa jicho.

Mama wa mstari wa mbele, nisaidie na puto hili. Nimelitia nukta ya wino mwekundu, ndogo kama mbegu ya nyanya. Livute pande zote. Mmeona? Nukta sasa ni kubwa kama kifungo cha koti. Ngozi ya pweza imejaa maelfu ya vifuko vya rangi, vya manjano, vyekundu na vya kahawia, na kila kimoja kimezungukwa na misuli inayoamriwa na ubongo. Misuli ikivuta, rangi inatanda. Ikilegea, inajikunja.

Sasa jicho. Letu lina aina tatu za seli za kutambua rangi. La pweza lina aina moja tu ya kunasa mwanga. (Kuna ngisi wa Japani anayewaka usiku, huyo ana vinasa mwanga vya aina tatu, lakini ni wa pekee.) Kitenge cha mama nimekipiga picha kwa simu, bila rangi. Tazameni ukutani: maua mekundu na majani yake ya kijani yamekuwa kijivu kilekile. Maua yamepotea, na kitenge ni hiki hapa mkononi!

Mwaka 2006 mtafiti Lydia Mäthger na wenzake waliwaweka ngisi juu ya sakafu ya miraba ya bluu na manjano yenye mng'ao sawa. Ngisi walijipaka rangi moja, kana kwamba miraba haipo. Miraba ilipotofautiana kwa weupe na weusi, wakajitia mabaka mara moja.

Kwa hiyo hufuata mng'ao na umbo la mahali. Baharini hilo hutosha mara nyingi, maana maji humeza nyekundu mapema, na kadiri unavyoshuka hubaki bluu. Mwaka 2016 Alexander Stubbs na baba yake Christopher walipendekeza kwamba mboni ya ajabu ya pweza na ngisi hutawanya rangi, nao huzitofautisha kwa kuona ipi imekaa sawa na ipi ina ukungu. Ni wazo zuri, ila bado linabishaniwa.

Linalonikosesha usingizi mimi ni jingine. Mwaka 2015, huko California, watafiti walichukua kipande cha ngozi ya pweza, kimeshatengwa na mwili, hakina jicho wala ubongo. Wakakimulika kwa taa. Vifuko vikafunguka vyenyewe.

Sasa maswali. Tuanze na kijana yule wa mlangoni.